MAFUTA YA MWILI NA ADABU ZAKE
Tuliyorithi, Tuliyoyaacha na Tuliyojiletea Wenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu akamvika ngozi iwe stara ya nyama yake na ngome ya mwili wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, siku moja baada ya darsa la alasiri kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, mwanamume kujipaka mafuta kila akioga, si kujifananisha na wanawake? Na tena si israfu?" Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka, kwani swali lile lilinirudisha nyuma miaka mingi, kwenye kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa na desturi ya kuwakagua watoto mlangoni mwa chuo: kucha, nguo, na ngozi. Asubuhi moja alikuja mtoto amepauka, miguu imekuwa myeupe kama aliyepita jivuni. Nikamwambia mbele ya wenziwe: "Kwani kwenu hakuna hata tone la mafuta?" Wenziwe wakamcheka. Mtoto akainama. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya tatu nikaenda kwao, nikapiga hodi. Mama yake alikuwa uani anafua. Akanikaribisha kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema: "Mwalimu, mtoto hakukosa adabu. Tumekosa mafuta." Akanieleza kwamba minazi yao mitatu ilikuwa imewekwa rehani tangu maradhi ya baba yake, na nazi zote zilikuwa zikiangushwa na mwenye kudai. Wakaishi chini ya minazi na wasiwe na mafuta ya nazi.

Nilirudi na aibu yangu. Siku ya pili niliweka chupa ya mafuta mlangoni mwa chuo, nikatoa amri kwamba kila aingiaye ajipake, mwenye nacho na asiye nacho, asipate kujulikana nani kwao yapo na nani hayapo. Mtoto yule alirudi. Chupa ile imebadilishwa mara nyingi, lakini mahali pake papo hadi leo.

Kwa hiyo nimeona niandike habari ya mafuta ya mwili: yalikotoka, dini inasemaje, na vipi jambo dogo kama hili lilivyobeba utu wa watu, na leo linavyoweza kubeba madhara yao.

MAFUTA KATIKA QURANI NA SUNNA

Mwenyezi Mungu ameutaja mzeituni katika Surat an-Nur, aya ya 35, kuwa ni mti uliobarikiwa, na mafuta yake akayapigia mfano wa nuru. Katika Surat al-Muuminun, aya ya 20, umetajwa mti utokao katika mlima wa Sinai, unaotoa mafuta na kitoweo. Nao wapokezi wa Hadithi, Tirmidhi na Ibn Majah, wamepokea kutoka kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza watu wale mafuta ya zeituni na wajipake, kwa kuwa yanatokana na mti wenye baraka.

Ama aliyedhani kwamba mafuta ni mambo ya wanawake, na asome Sahihi Bukhari, mlango wa Ijumaa. Humo Salman al-Farisi (R.A.) amepokea habari ya mtu aogaye siku ya Ijumaa, akajisafisha kadiri awezavyo, akajipaka katika mafuta yake au manukato ya nyumbani kwake, kisha akaenda msikitini bila ya kuwapenya watu waliokaa, akasali alichoandikiwa na akanyamaza imamu anapohutubu: huyo husamehewa yaliyo baina ya Ijumaa ile na nyingine. Tazama, ndugu yangu, mafuta yamewekwa safu moja na kuoga na kunyamaza kwa ajili ya hutuba. Na maneno yale yaliwahusu kwanza wanaume waendao msikitini.

Vilevile amepokea Imam Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Masud (R.A.) kwamba mtu mmoja aliuliza juu ya mwenye kupenda nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa hiyo si kiburi, kwani Mwenyezi Mungu ni Mzuri na Anapenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa kipimo hiki, kijana aliyejipaka mafuta hakuwa na kiburi. Mwalimu aliyemtahayarisha mtoto wa maskini ndiye aliyehitaji kuisoma Hadithi hii tena.

KAULI YA IBN AL-QAYYIM

Mwanachuoni mkubwa wa Damascus, Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), amelizungumza jambo hili katika sehemu ya tiba ya kitabu chake Zad al-Maad. Anaeleza kwamba mafuta huziba vinyweleo na kuzuia kile kinachopotea mwilini, na kwamba yakitumiwa baada ya kuoga maji ya moto huupendezesha mwili na kuutia unyevu. Kisha anapambanua baina ya nchi na nchi: katika nchi za joto kama Hijazi mafuta ni karibu na dharura, na katika nchi za baridi watu wake hawayahitaji kwa kiasi hicho. Na katika mafuta yasiyochanganywa na kitu ametanguliza zeituni, kisha samli, kisha mafuta ya ufuta, ambayo Waarabu huyaita sheriji.

Matabibu wa leo wanasema kwamba tabaka la juu la ngozi ni mfano wa ukuta wa matofali, na mafuta ya asili ndiyo udongo unaoyashika. Maji ya moto mno na sabuni kali huuosha udongo ule. Maji yaliyo ndani ya ngozi yakatoka kama mvuke, ngozi ikakauka, ikawasha, ikapasuka. Kwa hiyo hushauri mtu ajipake dakika chache tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, ili mafuta yayafungie maji ndani. Ndiyo maneno ya Ibn al-Qayyim, na baina yake na wao ni zaidi ya miaka mia sita.

Lakini haki isemwe yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliandika mwaka 2013 kwamba mafuta ya zeituni yalipopakwa kila siku kwa majuma kadhaa juu ya ngozi za watu wazima, yaliupunguzia ukuta ule uimara wake, na wakatahadharisha juu ya kuyatumia kwa watoto wachanga wenye ngozi kavu. Je, hili linapingana na Hadithi? Hapana. Baraka ya mti haimaanishi kwamba kila mwili na kila maradhi dawa yake ni moja. Asali ina shifaa, na mwenye kisukari huambiwa aipunguze. Ibn al-Qayyim mwenyewe amepambanua baina ya nchi na nchi. Sisi tupambanue baina ya mwili na mwili.

MINAZI NA VINU VYA PWANI

Pwani yetu haikuwa na mizeituni. Mwenyezi Mungu aliwapa wazee wetu nazi na ufuta.

Mtaalamu wa safari al-Masudi, aliyefika kisiwa cha Kanbalu katika bahari ya Zanji na akakitembelea mara ya mwisho mwaka 304 Hijria, sawa na 916 au 917, ametaja kwamba Wazanji walikuwa na visiwa vinavyoota minazi, na nazi zake zikiliwa na watu wote. Wataalamu wa nasaba za mimea walieleza mwaka 2011 kwamba minazi ya ulimwengu ina asili mbili, ya bahari ya Hindi na ya bahari ya Pasifiki, na kwamba katika Bukini na Ngazija asili hizo zimechanganyika. Mchanganyiko huo wanaunasibisha na mabaharia waliovuka bahari kutoka visiwa vya mashariki ya mbali. Mnazi basi ni kama Waswahili wenyewe: damu ya bahari nzima imo ndani yake.

Naye Ibn Batuta alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akapanda chombo mpaka Dhofar, iliyo leo katika nchi ya Oman. Huko ndiko alikoieleza nazi kwa urefu. Anasema kwamba nazi iliyokomaa ilikatwa vipande ikaanikwa juani, kisha ikapikwa katika masufuria mpaka mafuta yakatoka; wakayatumia kwa taa, wakachovyea mkate, na wanawake wakajipaka nywele. Msomaji wa Lamu, wa Pemba au wa Tanga hahitaji kufasiriwa maneno hayo. Ndiyo mbata, na ndiyo mafuta ya bibi yake.

Nyumbani njia ilikuwa nyingine. Nazi ilikunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu, likachemshwa taratibu mpaka maji yakakauka na mafuta yakaja juu, safi, yenye harufu ya jikoni. Mashapo yaliyokaangika chini ya sufuria waligombania watoto. Mafuta yale yalitiwa katika chupa, na kila kipupwe yaliganda asubuhi, kwa kuwa mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mama aliiweka chupa juani, au aliishika kwapani, mpaka yakayeyuka. Ndipo watoto wakapangwa mstari, mmoja baada ya mmoja, wakapakwa kichwa, uso, mikono na miguu.

Ama mafuta ya ufuta, yaitwayo pwani mafuta ya uta, yalishindikwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, Unguja na Lamu. Haya ndiyo sheriji ya Ibn al-Qayyim. Mzee aliyeumwa na viungo alikandwa kwayo, na mzazi aliyejifungua vivyo hivyo. Mafuta ya mbarika yalikuwa ya nywele na ya dawa. Na bibi harusi alipewa singo na liwa iliyosuguliwa juu ya jiwe kwa maji ya waridi, kwa mikono ya somo wake. Haya yote hayakununuliwa dukani na mtu mmoja mmoja. Yalikuwa kazi ya mikono, na mkono wa mwenzio juu ya ngozi yako ulikuwa ni sehemu ya mapenzi na ya malezi.

MWAKA 1872

Katika karne ya 19 mafuta yetu yaliingia katika biashara kubwa. Baada ya mkataba wa mwaka 1844 baina ya Sayyid Said na Ufaransa, wafanyabiashara wa Marseille wakawa wananunua ufuta wa pwani hii, na baadaye mbata, kwa ajili ya viwanda vyao vya mafuta na sabuni. Kilichokuwa cha chupani mwa mama kikawa cha melini.

Kisha ukaja mwaka 1872. Mwezi wa Aprili kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi isiyo na idadi. Na mwezi wa Juni mwaka huohuo, upande wa pili wa dunia, mkemia mmoja wa Marekani mzaliwa wa Uingereza, Robert Chesebrough, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake alioupa jina la Vaseline. Mwaka 1859 alikwenda Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, kulikogunduliwa mafuta ya ardhini. Huko aliona wafanyakazi wakijipaka majeraha yao nta nyeusi iliyoganda kwenye mitambo. Akaichukua, akaisafisha kwa miaka mingi mpaka ikawa nyeupe, haina harufu wala haichachi. Aliishi mpaka mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 96.

Kabla yake, katika karne ya 18, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa amekwisha pata kutokana na mafuta ya zeituni kile kimiminika kizito na kitamu kinachoitwa leo glisirini, kinachovuta maji na kuyashika katika ngozi.

Sisemi kwamba vitu hivi ni vibaya. Glisirini ni neema, na ile jeli ya mafuta ya ardhini, ingawa haitii maji katika ngozi, huyazuia yaliyomo yasipotee, na wenye visigino vilivyopasuka wanaijua faida yake. Nisemalo ni kwamba hatua kwa hatua tulijifunza kuidharau chupa ya nyumbani na kukiheshimu kila kilicho na karatasi ya rangi. Na mlango huo ulipofunguliwa, aliingia na asiyealikwa.

MKOROGO

Wahenga wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Zilikuja sabuni na krimu za kuchubua ngozi, zikitembezwa kwa picha za wanawake weupe. Nyingi zilitiwa zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya watu wazima waliopatwa na maradhi ya figo, miili ikavimba kwa maji, na wengi katika hao walikuwa watumiaji wa krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Yaani habari hii tunayo kwa zaidi ya miaka hamsini, na bado mabinti zetu wanachanganya mikorogo.

Ulimwengu nao umeamka. Mkataba uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambao watu wake walilemazwa na zebaki iliyomwagwa baharini ikaingia katika samaki, ulipitishwa mwaka 2013 na ukaanza kufanya kazi mwaka 2017. Kwanza ulikataza vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa kabisa, ifikapo 2025, vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Mbali na zebaki iko haidrokwinoni, na ziko dawa kali za stiroidi ambazo daktari huziandika kwa siku chache na kwa sababu, nasi tukazifanya mafuta ya kila siku. Ngozi huwa nyembamba, hutoa mabaka, jeraha likawa zito kupona. Na zebaki haiishi kwa mama tu: humfikia mtoto tumboni, na humfikia katika maziwa.

Dini inasemaje? Katika Surat an-Nisai, aya ya 119, Mwenyezi Mungu ametupa habari kwamba Shetani ameapa kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na Hadithi ya Ibn Masud (R.A.) katika Bukhari na Muslim imewalaani wanaochanja na kuchonga miili kwa kutafuta uzuri na kugeuza maumbile. Iko pia riwaya katika Musnad ya Imam Ahmad inayowataja wenye kuchubua nyuso. Isnadi yake ina maneno, lakini maana yake inashuhudiwa na hayo yaliyotangulia, na kanuni ya kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana inatosha kuwa hoja.

Nami nawauliza wazazi, hasa wa kiume: binti yako alisikia wapi kwamba weusi ni ila? Mara nyingi alisikia nyumbani. Alisikia shangazi akimsifu ndugu yake mweupe mbele yake. Alisikia mposaji akiuliza rangi kabla ya kuuliza sala. Tumemdhalilisha kwa ulimi, naye akaenda dukani kutafuta dawa ya ulimi wetu. Kosa ni lilelile nililolifanya mlangoni mwa chuo: kumwaibisha mtu kwa ngozi yake, kisha kushangaa amekwenda wapi.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kuwa swali la kijana lilikuwa la hukumu, nitaje machache kwa madhehebu ya Imam Shafii.

Udhu: mafuta mepesi yasiyobaki na kiwiliwili juu ya ngozi hayazuii udhu, hata maji yakiteleza. Lakini mafuta mazito yaliyoganda, yakawa tabaka linalozuia maji yasifike katika kiungo, hayana budi kuondolewa kwanza.

Saumu: kujipaka mafuta mwilini hakufunguzi, kwani vinyweleo si tundu lililo wazi.

Ihramu: mwenye kuhirimia asijipake mafuta nywele za kichwa wala ndevu, yawe na harufu au yasiwe nayo, na manukato ni haramu kwake mwilini kote. Ngozi ya mwili iliyokauka anaweza kuipaka mafuta yasiyo na harufu nzuri. Mahujaji wengi huumia kwa ukavu kwa kutolijua hili.

Ama katika afya: oga maji ya uvuguvugu, usisugue kwa nguvu, jifute kwa kugusagusa, kisha jipake papo hapo. Mwenye kisukari aitazame miguu yake kila siku, apake visigino na nyayo, na baina ya vidole apaache pakavu. Mtoto mchanga asipakwe kitu asichokijua mkunga au daktari. Ngozi inayowasha usiku, na nyumba nzima ikawa inajikuna, huenda ni upele: hiyo si kazi ya mafuta, na waende hospitali wote pamoja.

Na jambo la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Ngozi ya mzee hupungukiwa na mafuta yake ya asili. Hukauka, ikawasha usiku, ikamnyima usingizi. Mzee wa pwani haombi. Atakaa barazani akijikuna kwa siri, na akiulizwa atasema hajambo. Mama aliyekupanga mstari na ndugu zako, akaiyeyusha chupa kwa joto la mwili wake, leo mkono wake haufiki mgongoni. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat al-Israi tuwainamishie wazazi bawa la unyenyekevu. Basi chukua chupa, ukae chini, umpake miguu yake. Usimtume mtumishi.

Nilimjibu kijana yule hivi: mwanangu, israfu ni kupita kiasi, na kijiko kimoja cha mafuta hakijapita kiasi. Israfu ni zile fedha zinazotolewa kununua sumu. Nenda ukajipake, kisha utazame ni nani nyumbani kwenu hana wa kumpaka.

Mwenyezi Mungu atutengenezee sura zetu na tabia zetu, na atukinge na kuwadharau waja Wake. Amin. Wabillahi tawfiq.